Nilimsomea Mume Wangu Uongo, Akarudia Mafuta

Nina umri wa miaka thelathini na minne. Ni mjane, mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni kushona nguo kwa cherehani hapa Kakuma. Watu wakipita barazani pangu husema, "Pole, Mama Akai, Mungu amekujaribu." Mimi huitikia "ejok", yaani vyema, na kuinamia kitambaa changu. Laiti wangejua! Mungu hakunijaribu hata kidogo. Nilijitakia mwenyewe, kwa ulimi wangu huu unaopenda kutangulia mbele.

Wasomaji wenzangu, mkasa huu nimeuandika mara tatu na mara tatu nimeuchana. Leo nimepiga moyo konde. Mkitaka kunitukana mnitukane, maana hakuna tusi mtakalonitupia ambalo sijajitukana nalo mwenyewe...

Mume wangu aliitwa Lokiru. Tulikutana Lodwar, miaka ya sabini ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza. Yeye alikuwa akifanya kazi katika godauni la ngozi. Alizitia chumvi, akazitandaza juani na kuzipindua, kutwa nzima. Alinuka ngozi mbichi hata akioga mara mbili! Nilimtania kwamba nimeolewa na beberu, naye alicheka tu, maana alikuwa mtu mpole kupita kiasi. Mimi ndiye niliyekuwa na maneno ndani ya nyumba ile.

Nilikuwa nimesoma kwa masista hadi darasa la saba. Lokiru hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Alikulia mbugani upande wa Kakuma, kwenye mifugo, akala maziwa, damu, nyama na mafuta. Unga kwake ulikuwa chakula cha watu waliopoteza wanyama wao, watu wa kupanga foleni ya msaada wakati wa njaa. Alipokuja mjini aliula kwa shida, na kila alipopata nyama alichagua kwanza penye mafuta.

Karatasi yoyote iliyoingia nyumbani kwetu, iwe ya kazini au ya kanisani, aliniletea mimi. Alikaa kando yangu, akatazama midomo yangu na kusema, "Soma, Mama Akai." Nikishasoma, basi. Hakuwahi kumpelekea mtu wa pili amsomee tena. Mnaelewa, jamani? Macho yake ya kusomea yalikuwa mimi.

Ugonjwa ulianza kidogo kidogo. Kila alipokula nyama ya mafuta alishikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, yakampanda mpaka begani. Alitapika na kugaagaa chini, mtu mzima yule! Siku moja kazini alianguka juu ya ngozi, wenzake wakambeba mpaka hospitali. Huko walimchunguza wakasema ana mawe kwenye kifuko cha nyongo, na kwamba apelekwe "Kenya" akapasuliwe. Sisi wa Turkana tulisema hivyo siku zile. Mtu akivuka Kapenguria kwenda nchi za juu, tulisema ameenda Kenya.

Sikuweza kumfuata, nilikuwa nikinyonyesha mtoto wa pili. Alikaa huko wiki tano. Siku aliyoshuka kwenye lori pale sokoni sikumtambua. Shati lake lilikuwa likimning'inia, mashavu yameingia ndani, na tumboni ana mshono mrefu. Lakini alikuwa akitabasamu! Maumivu yalikuwa yamekwisha. Kifuko cha nyongo kilikuwa kimetolewa, mawe na yote.

Mfukoni alikuwa na karatasi ya daktari, iliyoandikwa kwa Kiswahili na muuguzi wa huko. Kule hospitali walimweleza kwa mdomo pia, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kuomba maji na kusalimia bosi, na hawakupata mtu wa kumtafsiria. Wakamwambia ampe karatasi mtu anayejua kusoma. Akakaa kando yangu. "Soma, Mama Akai."

Nilisoma, na siku ile nilisoma kweli. Ilisema kwa miezi mitatu asiguse mafuta. Ale uji, ugali, samaki wa kuchemsha, mboga, na nyama iliyotolewa mafuta. Baada ya miezi mitatu, akitaka kurudia chakula chake cha zamani arudie polepole, kijiko kimoja cha mafuta kwa siku, akiona tumbo limetulia ndipo aongeze. Nilimsomea mpaka hapo, kisha mtoto akalia nikaenda kumchukua, na Lokiru akaikunja karatasi akairudisha mfukoni.

Chini palikuwa na mistari mingine, mimi niliiona. Ilisema mgonjwa akiona macho yake yamegeuka manjano, au mkojo umekuwa mweusi, au choo cheupe, au akishikwa na homa ya kutetemeka, aende hospitali siku ileile, asingoje. Nilijiambia nitamsomea siku nyingine. Ishikeni hiyo mistari, wasomaji, maana ndiyo iliyomuua, ama niseme ndiyo ingemponya.

Basi tukaishi kwa uji. Nilimchemshia supu ya mbuzi nikaiacha ipoe, nikayatoa mafuta yaliyoganda juu yote. Alikula alichopewa. Lakini ni mtu aliyelelewa kwa mafuta! Unga ulimjaza upepo tumboni, alisema, na baada ya saa moja njaa ilikuwa imerudi. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya bucha, ananusa tu, kisha akaondoka. Nilimhurumia sana.

Je, ni huruma hiyo iliyonifanya nimdanganye? Hapana! Nisijitakase hapa. Ilikuwa tamaa yangu ya kuitwa mke.

Niwaeleze wasiojua. Kwetu Waturkana mwanamume anaweza kukaa na mwanamke miaka kumi na kuzaa naye watoto, lakini mpaka mahari ikamilike na maksai wa harusi achinjwe nyumbani kwa baba wa mwanamke, yule si mke. Ni msichana wa watu tu. Watoto wake ni wa baba yake, si wa mume. Kila tulipogombana na mwanamke mmoja jirani, alinitupia neno hilo hilo. "Na wewe umechinjiwa nini?" Lo, lilinichoma! Na mimi sikuwa mtu wa kuchomwa nikanyamaza.

Lokiru na ndugu zake walikuwa wamekwisha kupeleka mifugo. Ilibaki harusi. Na hapo ndipo kaka yangu Lopeyok alipokuja Lodwar kutuletea habari kwamba mvua imenyesha, majani yapo, maziwa yapo, na baba amesema maksai achinjwe mwezi huu unaoingia.

Lopeyok alimkuta shemeji yake ameshika kikombe cha uji. Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Shemeji, umekuwa mtoto? Au umefiwa na ng'ombe wote?" Mimi nilikuwa nimemkataza Lokiru asimwambie mtu wa kwetu kwamba amepasuliwa. Akanitazama, nikamjibia haraka kwamba ana homa kidogo. Lopeyok aliacha kucheka. Akaniita kando akaniuliza huyu mtu mbona amekonda hivi, na baba atasema nini akimwona bwana harusi anakunywa uji mbele ya wazee?

Neno lile likanikaa kichwani. Kwetu bwana harusi huketi na wazee wa ukweni, huletewa sehemu zenye mafuta, naye hula wakimwangalia. Mtu anayeogopa mafuta watu hujiuliza ana nini. Nikaona picha yote. Baba anakunja uso, wazee wananong'ona, harusi inaahirishwa, nami narudi Lodwar kuulizwa tena nimechinjiwa nini...

Ilikuwa imepita miezi miwili tu tangu apasuliwe. Ningeweza kumwambia Lopeyok ukweli wote palepale. Yalikuwa maneno machache tu! Badala yake nikamwacha aende zake na kusema tutakuja.

Kesho yake mchana Lokiru alitoa karatasi. Alikuwa na wasiwasi. Aliniuliza kama karatasi inamruhusu kula nyama ya harusi, maana hakutaka kunitia aibu, lakini maumivu yale pia hakuyataka tena. Akakaa kando yangu, akatazama midomo yangu.

Nikaifungua. Vidole havikutetemeka hata kidogo, ndugu zangu, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nikasoma maneno yasiyokuwepo. "Baada ya miezi miwili mgonjwa amepona kabisa. Arudie chakula chake chote cha kawaida. Mafuta yatamrudishia nguvu."

Akaniuliza, "Kweli imesema mafuta?"

"Kwani mimi nitakudanganya wewe?" nikamjibu, tena kwa ukali.

Mngeuona uso wake! Alifurahi, akamrusha mtoto juu akamdaka. Akasema daktari yule Mzungu ana akili, amejua kumbe mtu wa Turkana si mtu wa unga. Ikunje karatasi, akaniambia, tuanze safari.

Tulipanda lori la mfanyabiashara mmoja tukaenda Kakuma, watoto mapajani, vumbi mdomoni. Lokiru aliimba njia nzima. Mimi nilikuwa na kitu kizito kifuani, lakini nilijiambia ni safari tu. Kifuko kimetolewa, mawe yametolewa, mafuta yatamfanya nini tena? Nilijiona nina akili kuliko daktari.

Siku ya harusi maksai alichomwa mkuki, akaanguka vizuri. Mzee mmoja wa kwetu, anayejua kusoma matumbo ya mnyama, aliyafungua kama kawaida. Aliyatazama kwa muda. Kisha akayakunja bila kusema neno, akanawa mikono yake kwa mchanga na kwenda kukaa peke yake. Wanawake tuliokuwa karibu tukatazamana. Nikasema kwa sauti kwamba mzee amechoka na jua, nikaanzisha wimbo. Mdomo wangu huo!

Lokiru alikula. Mungu wangu, alivyokula! Alipewa mafuta ya nundu, akapewa mkia wa kondoo uliochomwa mpaka ukachuruzika, akanywa samli kwenye kibuyu. Wazee walipiga kelele za furaha. Baba yangu alimpiga bega akasema sasa ameona mwanamume. Nami nilitembea mbele ya wanawake kichwa juu. Nilikuwa mke!

Kabla jua halijapanda vizuri kesho yake, mume wangu alikuwa amekwenda kichakani mara sita. Kila kitu kilipita kama maji, na mafuta yakielea juu. Aliniita akanionyesha kwa aibu, akaniuliza kama ni sawa. Nikamwambia tumbo lilikuwa limesahau chakula chake, sasa linajikumbusha, avumilie.

Na kweli, akapata nafuu kidogo! Hapo ndipo shetani aliponichezea. Tulibaki bomani kwa baba, maana sherehe za kwetu hazimalizwi kwa siku moja, na bosi alikuwa amempa likizo. Kila siku maziwa ya ngamia, maziwa mgando, nyama, samli. Unga hakuuona tena. Tumbo lilimsumbua, lakini mashavu yalianza kujaa. Nguvu zikarudi. Alichota maji kisimani kwa wanyama kama kijana. Usiku sikuwaza tena karatasi. Nilijisemea, umeona? Madaktari hawajui kila kitu.

Wiki ya tatu akaanza kujikuna.

Kwanza viganja, kisha nyayo, kisha mwili mzima. Alijikuna kwa kijiti mpaka damu. Watu walisema ni wadudu wa ngozi za mbuzi alizolalia, tukazitoa juani na kuzipiga, haikusaidia. Kisha yale maumivu ya chini ya mbavu yakarudi. Hayakuwa makali kama ya zamani, lakini hayakuondoka. Akaacha kuimba.

Asubuhi moja alikuja nyuma ya boma nilikokuwa nikikamua mbuzi. Akachuchumaa mbele yangu. Nilipoinua uso nikamwona. Sehemu nyeupe ya macho yake ilikuwa manjano! Kibuyu kikaniponyoka, maziwa yakamwagika.

Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya rangi, na choo ni cheupe kama majivu. Akatoa karatasi mfukoni. "Mama Akai, hebu angalia tena. Haikusema chochote juu ya macho?"

Wasomaji wenzangu, hapo Mungu alinipa nafasi nyingine. Mistari ile ilikuwa mbele yangu, myeusi juu ya karatasi nyeupe. Macho manjano, mkojo mweusi, choo cheupe, aende siku ileile, asingoje. Nilihitaji kufungua mdomo tu.

Lakini ningeisomaje bila yeye kujua kwamba mara ya pili niliisoma uongo? Na zilikuwa zimebaki siku nne tu! Siku nne, baba atubariki, tufunge mizigo, turudi Lodwar, na njiani nimpeleke hospitali kama vile ni wazo langu. Hakuna atakayejua. Siku nne ni nini?

Nikamwambia, "Hapana. Haisemi kitu."

Akaichukua karatasi yake, akaikunja vizuri, akaondoka.

Siku ya pili akashikwa na homa ya kutetemeka. Meno yaligongana juani, saa saba ya mchana, Kakuma! Nani hutetemeka kwa baridi Kakuma saa saba? Baba akachinja mbuzi, akampaka kifuani na usoni majani ya tumboni mwa mbuzi huyo kumtakia uzima. Mama akamletea samli ya moto anywe apate joto. Nilimshikia kikombe kwa mikono yangu miwili. Alikunywa chote, akatapika chote.

Siku ya tatu hakunijua kwa muda. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Ndipo kitu kikakatika ndani yangu, nikaangua kilio na kumwambia Lopeyok atafute gari, haraka, huyu mtu atatufia! Hawakuelewa mbona ninalia hivyo kwa homa. Walimbeba kwenye ngozi ya ng'ombe mpaka barabarani, kisha mpaka dispensari ya Kakuma.

Dresa wa pale, mtoaji dawa, alikuwa Mturkana mwenzetu, mtu makini. Akamfunua shati akaona kovu. Akaniuliza amepasuliwa lini na wapi, na hakupewa karatasi? Kabla sijajibu, Lokiru, aliyekuwa amepata fahamu kidogo, akaingiza mkono mfukoni akaitoa mwenyewe. Ilikuwa imelowa jasho.

Nilitaka kuinyakua. Naapa nilinyoosha mkono! Lakini dresa alikwisha kuishika. Na kwa kuwa mgonjwa alikuwa Mturkana, akaisoma kwa sauti, kwa Kiturkana, pole pole, mstari kwa mstari. Miezi mitatu bila mafuta. Kijiko kimoja kwa siku. Macho yakigeuka manjano aende siku ileile, asingoje...

Alipomaliza aliuliza, "Sasa nyinyi mlingoja nini?"

Lopeyok alitazama chini. Lokiru aligeuza shingo yake pole pole akanitazama kwa yale macho ya manjano. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo! Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi. Kisha akageukia ukuta.

Hakunisemesha tena.

Gari la misheni lilitupeleka Lodwar mchana uleule. Nililia njia nzima, nikamwomba msamaha, nikamwambia nilitaka tuoane vizuri, nilitaka watoto wawe wake. Aliomba maji. Nilipompelekea kikombe alifunga mdomo. Lopeyok alipokishika kikombe kilekile, akanywa. Mnajua uchungu wa jambo hilo? Mtu uliyezaa naye, anakufa kwa kiu, naye maji ya mkono wako hayataki!

Hospitali ya Lodwar walihangaika naye. Walimtundikia maji, wakampiga sindano, wakasema ndege iitwe impeleke nchi za juu apasuliwe tena. Alizungumza na muuguzi. Alizungumza na mgonjwa wa kitanda cha pili, akamwuliza habari za mifugo ya kwao. Alimwagiza Lopeyok juu ya watoto. Mimi nilikaa miguuni pake tangu asubuhi, na jina langu hakulitaja.

Alikata roho alasiri ya siku ya pili, ndege haijafika.

Daktari aliniita ofisini. Nilimweleza yote, kwa sababu sikuwa na nguvu tena ya kudanganya. Nikamwuliza, nimemuua kwa mafuta? Nilitaka aseme ndiyo. Alitikisa kichwa. Alisema wengi waliotolewa nyongo hurudia mafuta yao wakiyarudia polepole, na hata waliokosea huishia kuharisha tu. Lakini huyu inaelekea jiwe moja lilibaki, likateremka likaziba njia ya nyongo, sumu ikamjaa damuni. Hilo lingeweza kumpata hata angekula uji. Kisha akaniambia kwamba siku ile macho yalipobadilika, kama tungekuja, angekuwa na nafasi nzuri ya kupona.

Siku ile! Siku ya maziwa yaliyomwagika. Siku niliyosema, "Haisemi kitu."

Tulimzika. Baada ya siku kadhaa baba yangu alinijia. Lopeyok alikuwa amemweleza. Nilijua atanipiga, na nilitaka anipige. Lakini yule mzee alikaa chini mavumbini mbele yangu, akauliza swali moja tu. Kwa nini sikumwambia kwamba mtu amepasuliwa?

Nikamwambia niliogopa utamkataa, baba. Niliogopa utasema hawezi kula mbele ya wazee.

Akasema, "Mimi mwenyewe nilichomwa mkuki tumboni nikiwa kijana. Nilikula maziwa yaliyotiwa maji mwaka mzima, na babu yako alinipa mama yako hivyohivyo. Ningemngoja Lokiru hata misimu miwili. Nani alikuambia mimi nataka mafuta? Mimi nilitaka mkwe."

Hakunilaani. Aliinuka akaenda zake, na tangu siku ile hukaa nami vizuri tu. Lakini maneno yale husikika masikioni mwangu kila siku ninapoendesha cherehani.

Nilipata nilichokitaka. Mimi ni mke aliyechinjiwa maksai! Watoto ni wa ukoo wa Lokiru, kwa haki kabisa, na ndugu zake huja kuwaona na kuwaletea maziwa. Hakuna mwanamke wa Lodwar wala Kakuma awezaye kunitupia neno tena. Na kila ndugu yake anapoingia uani namwona mume wangu tena, kimo kilekile, bega lilelile, na nageuka kabla hajanisalimia.

Naishia hapa, lakini nina ombi. Wenye wagonjwa waliopasuliwa, fuateni mlivyoagizwa, na chakula cha zamani kirudiwe taratibu, kwa kijiko, si kwa kibuyu. Ukiona macho yamegeuka rangi, usingoje sherehe iishe, usingoje mkwe, usingoje mtu yeyote. Beba mgonjwa uende!

Na wewe unayesoma gazeti hili sasa hivi... nina neno nawe. Huenda katika nyumba yenu ni wewe peke yako uliyekwenda shule. Huenda hata mkasa huu unamsomea mtu aliyekaa kando yako, mama yako, au bibi yako, au mume mpole anayetazama midomo yako. Kesho atakuletea karatasi nyingine. Msomee yote mpaka mwisho, hata inayokutia aibu, hata inayoharibu mipango yako. Nakusihi. Mimi wangu nilimnyima mistari minne tu, naye akaninyima neno lake la mwisho.